Nguo Haina Mkwe

Kwa miaka mingi Kiprugut alifua matope ya mtu mwingine. Alikuwa dobi wa daktari mmoja wa meno huko Milimani, Nakuru, na daktari huyo alikuwa na tabia ya kupanda milima kila mwisho wa juma bila kutumwa na mtu. Jumatatu asubuhi kaptula yake ilifika kwenye karai na udongo wa Menengai au udongo wa Londiani, na Kiprugut alijua bwana wake alikokuwa bila kuuliza. Aliloweka, akasugua, akaanika, akapiga pasi. Jumatatu iliyofuata kaptula ilirudi vile vile.

Siku moja katika mwaka wa 1957, akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, alikata shauri. Anayeichafua kaptula anaishi vizuri kuliko anayeifua. Jambo hilo lilikuwa mbele ya macho yake siku zote, naye alikuwa akilimwaga pamoja na maji machafu.

Alimweleza Owuor, mpishi wa nyumba hiyo, aliyekuwa akikwaruza masufuria.

"Naacha kazi. Nakwenda Londiani kuishi maisha ya mlimani. Nitawaongoza Wazungu wanaopanda."

"Umewahi kuupanda mlima huo?"

"Bado. Lakini udongo wake naujua."

Owuor aliendelea kukwaruza. "Ndugu yangu, mimi nimekaanga samaki wa watu tangu vita viishe, na sijawa mvuvi."

"Hayo ni makosa yako," alisema Kiprugut.

Daktari hakumzuia. Alimpa viatu vyake vya zamani, ambavyo Kiprugut alivijaza magazeti mbele ili vimtoshe, na kamba nene ya kupandia ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameacha kuiamini. Memsahib, mke wa daktari, alimpa kamba ya kuanikia nguo pamoja na kigurudumu chake cha chuma, kwa kuwa alikuwa ameagiza kingine Uingereza. Kiprugut na mkewe, Chepchirchir, walipanda gari la moshi la Kisumu wakashuka Londiani kwenye baridi. Chepchirchir alizaliwa chini ya mlima huo, akakulia hapo akichota maji na kukata kuni, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba alikuwa anastarehe.

Baba mkwe, Mzee Kemboi, hakufurahi. Alikuwa amemwoza binti yake kwa mtu wa kazi ya mjini, mwenye mikono safi. Sasa mtu huyo amekuja na viatu vilivyojaa magazeti. Alimwonyesha mahali pa kujenga kibanda, ng'ambo ya mto, upande wa stesheni, mbali kidogo na boma lake.

"Mvua kubwa ikiisha nikute una kazi," alisema mzee. "Kama huna, utarudi kwenye pasi yako Nakuru. Chepchirchir atabaki kwa mama yake mpaka upate akili."

"Sawa, mzee," alisema Kiprugut. Baba mkwe hajibiwi kwa maneno mengi.

Mama mkwe hakusema lolote, kwa sababu hakuwapo. Mila yao ilikuwa kwamba mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani, hawagusani, wala hawasemezani. Mama huyo aliposikia viatu vikubwa vikija njiani aliingia kichakani, naye Kiprugut alipita akitazama upande wa pili na kuisalimu miti. Tangu aoe alikuwa ameona kisigino chake kimoja tu, nacho aliona aibu kukikumbuka.

Kazi ya kuongoza Wazungu ilikuwa na shida moja: Wazungu hawakuja. Hali ya Hatari ilikuwa haijaondolewa, na wengi wao bado waliogopa wapiganaji wa misituni. Walikuja bwana mmoja na mkewe tu. Kiprugut akatangulia kwa ujasiri mpaka walipofika mahali ambapo palikuwa na mianzi pande zote. Hapo bwana akatoa dira mfukoni, akamwongoza kiongozi wake kurudi stesheni. Hata hivyo Kiprugut alifika nyumbani na matope magotini, ameridhika. Aliivua kaptula akamkabidhi mkewe.

"Ya nini?" aliuliza Chepchirchir.

"Ya kufua."

"Dobi ni nani katika nyumba hii?"

Kiprugut akaifua mwenyewe.

Ili asikae bure, alifunga kamba ya daktari kutoka mti wa upande wake hadi mti wa upande wa pili wa mto, akaikaza kama alivyozoea kukaza kamba za nguo, mpaka usingeweza kuitofautisha na mstari wa rula. Juu yake alipachika kigurudumu, akakifunga kamba ya memsahib ya kukivutia huku na huku. Mizigo ya wapandaji ingevuka hapo bila kulowa. Ni kweli kwamba hapakuwa na wapandaji, na palikuwa na daraja la magogo hatua chache tu kutoka hapo.

Shemeji yake, Kipkemei, alikuja kutazama kila alipochunga ng'ombe.

"Shemeji, kamba tumeiona. Nguo zinakuja lini?"

"Hiyo ni ya mizigo."

"Mizigo inakuja lini?"

Kiprugut alikaza fundo ambalo halikuhitaji kukazwa.

Mvua kubwa ilikuwa inakaribia kwisha, na Mzee Kemboi alikuwa ameanza kuulizia ratiba ya gari la moshi la kwenda Nakuru, siku mto ulipokuja na kulichukua daraja. Ilikuwa siku ya soko. Wanawake wa ng'ambo, upande wa boma la mzee, walikuwa wameshauza viazi vyao Londiani na sasa walitaka kwenda nyumbani. Walisimama ukingoni wakitazama maji ya rangi ya chai, yakipita na gogo, kisha gogo jingine, yote yakiwa ya daraja.

Kiprugut alitoa blanketi kitandani mwake, akalifunga kama mbeleko chini ya kigurudumu, akamwambia mwanamke wa kwanza aketi. Ng'ambo, Kipkemei alishika kamba akavuta. Mwanamke alipiga kelele njia nzima, akafika, akanyamaza, akaanza kuwacheka waliobaki. Wakavuka wote hivyo. Waliobaki ni Chepchirchir na mtu mmoja aliyesimama nyuma ya mti akiwa amejifunika kanga hadi utosini.

Kiprugut aligeukia upande wa stesheni mara moja, akaanza kuutazama mlingoti wa simu.

"Mama anasema atalala huku," alisema Chepchirchir.

"Wapi? Hapa pana kibanda kimoja, na ni changu."

Chepchirchir alirudi nyuma ya mti. Wakanong'onezana. Halafu akachukua blanketi la pili kitandani, akamviringisha mama yake kuanzia kichwani hadi miguuni, akamfunga kwa uzi wa katani, akamtundika kwenye kigurudumu. Kiprugut, mgongo ukiwa mtoni, aliachia kamba kidogo kidogo huku akisikiliza. Kwanza chuma kililia vizuri. Halafu hakikulia tena.

"Kuna nini?" aliuuliza mlingoti wa simu.

"Pindo la blanketi limeingia kwenye kigurudumu," alisema Chepchirchir. "Yuko katikati. Na maji yanapanda."

Kipkemei alivuta hadi mishipa ya shingo ikasimama. Kamba haikusogea.

"Nasua pindo!" alipiga kelele.

"Nani alinasue?" alijibu Kiprugut. "Mimi ndiye ninayeweza kutambaa juu ya kamba hiyo, na mimi siruhusiwi!"

Mzee Kemboi aliitwa kutoka bomani. Alifika na fimbo yake, akatazama kwa makini lile furushi likibembea juu ya maji, akakaa kwenye jiwe. Jambo hili halikuwa na mfano kwa wazee.

"Kiprugut!" aliita. "Unamwona?"

"Simwoni, mzee! Nimempa mgongo!"

"Ukigeuka utamwona?"

"Nitaona blanketi!"

Mzee alitafakari. "Mtu asiyeonekana, je, yupo?"

"Yupo, baba!" alisema Kipkemei. "Nimemshika kwa kamba, naujua uzito wake!"

"Nyamaza. Hukuulizwa uzito." Mzee akageuza fimbo mkononi. "Kumtazama, naona hatamtazama. Shida ni kumgusa. Akigusa blanketi, amegusa nini?"

Wanawake wakagawanyika. Wengine walisema blanketi ni nguo yake, kwa hiyo ni yeye. Mmoja alisema blanketi lenyewe ni la Kiprugut, limetoka kitandani mwake, jambo ambalo ni baya zaidi. Hilo halikumsaidia mtu yeyote. Gogo lilipita likagusa chini ya furushi, likalizungusha polepole.

Ndipo furushi likasema. Halikusema na Kiprugut; lilisema na mto.

"Ewe mto! Kama karibu yako kuna mtu yeyote, mwambie hivi. Mimi sasa ni nguo. Nimeanikwa kama nguo, nimefungwa kama nguo, na nikikaa hapa nitalowa kama nguo. Nguo haina mkwe!"

Mzee Kemboi akasimama kutoka kwenye jiwe.

"Umesikia mto ulivyoambiwa?" aliuliza.

"Nimesikia, mzee!"

"Kama ni nguo, dobi ni wewe."

Kiprugut alivua viatu, akafumba macho kwa heshima, akajining'iniza kwenye kamba kwa mikono na miguu, akaenda akipapasa. Alipolifikia furushi hakuhitaji macho. Vidole vyake vilijua pindo ni lipi na mkunjo ni upi. Alirudisha kigurudumu nyuma kidogo, akalitoa pindo taratibu bila kulichana, kama alivyotoa mashuka ya memsahib kwa miaka yote hiyo. Kipkemei akavuta. Furushi liliondoka mbio mpaka ng'ambo, na wanawake wakalipokea kwa vigelegele.

Kiprugut alitambaa nyuma yake, na mikono ikamwishia nguvu karibu kabisa na ukingo. Alianguka kwenye matope, akazama hadi kifuani.

Kesho yake alikuja Mzee Kemboi, akavutwa juu ya mto huku akishika kofia yake. Alileta kibuyu cha maziwa na blanketi lililofuliwa.

"Serikali haitajenga daraja upesi," alisema. "Watu wa kule wote wanataka kuja stesheni."

"Kwa hiyo ni kazi, mzee?"

"Ni kazi."

"Ya kuanika watu!" alipiga kelele Kipkemei kutoka ng'ambo, akiwa ameshika kamba.

Mzee alikohoa. "Kuna nguo moja imeniambia ilifika ikiwa kavu. Imesema nikwambie."

Kiprugut alilipokea blanketi. Lilikuwa limekunjwa vibaya, kona hazikukutana, lakini hakulikunjua. Mzee alipokwisha kuvuka, aliitoa kaptula ya jana, iliyokuwa na matope hadi kiunoni. Chepchirchir alimtazama kuona ataiweka kwenye karai gani. Aliibeba ilivyokuwa, akaianika kwenye kamba juu ya mto, mahali ambapo watu wote wanaotoka stesheni wangeiona.