Kasi Iliyoachwa Wazi

Kiwandani Kyimo, Ndimyake, mtaalamu wa kompyuta, aliijaribu programu ya mashine ya kusaga chai kwa mafaili arobaini ya mipangilio yenye makosa ya makusudi. Thelathini na tisa iliyakataa. La mwisho, lenye nafasi ya kasi isiyojazwa, ililipokea na kuizungusha mashine bila kikomo.

"Mjinga gani ataacha wazi?" meneja Gidion alifoka alipoambiwa. "Kesho tunawasha!"

Kesho yake mzee Lutufyo, fundi, alijaza mipangilio yote, ila kwa heshima nafasi ya kasi akamwachia bosi aiandike mwenyewe. Gidion akabonyeza kitufe cha kuwasha bila kusoma. Mashine ikanguruma, ikaudaka mkono wa mzee aliyekuwa akipakia majani, ikaung'oa begani. Damu ikatapakaa kwenye majani mabichi.

"Mjinga gani kaacha wazi?" Gidion alipiga kelele.

Ndimyake alimtandika ngumi ya mdomo, jino likaruka. "Aliyekuheshimu!"