Waketi wa Wimani

Nchi ya Wimani iko juu ya uwanda mpana unaopigwa na upepo kutwa kucha, na mtu anayeupanda mlima kuifikia huona kwanza mashamba ya ulezi, kisha kuta za mawe ya kijivu, kisha watu, ambao kwa mbali huwadhania kuwa nguzo zilizochomekwa kando ya barabara kwa kazi fulani asiyoijua. Ni watu warefu, wakavu, wenye vigimbi vigumu kama mbao na mishipa ya miguu iliyovimba ikajisokota kama kamba zilizosahaulika mvuani. Wageni huusifu urefu wao. Wachache huuliza kuhusu mishipa.

Katika nchi hiyo hakuna aliyeruhusiwa kukaa hadharani isipokuwa Waketi. Waketi walikuwa watu wa koo chache zilizoishi ndani ya ukuta wa pili wa mji, na kila mmoja wao alifuatwa alikokwenda na mtumishi aliyembebea kigoda cha miguu mitatu, kilichochongwa kwa mti mweusi na kupakwa mafuta mpaka kikang'aa. Mketi akifika sokoni, kigoda kiliwekwa chini, naye aliketi. Na wote waliokuwa karibu, hata mwenye kuuza, hata mwenye homa, walisimama mpaka atakapoondoka. Mahakamani mshtakiwa alisimama, na shahidi, na mdai, na kwa kuwa kesi za Wimani zilikuwa ndefu, watu wengi walikiri makosa wasiyoyatenda ili wapate kwenda gerezani, ambako angalau palikuwa na sakafu.

Mkubwa wa Waketi aliitwa Tandazi. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, aliyependa kusema kwamba yeye hatawali, anakaa tu. Hilo lilikuwa kweli kuliko alivyokusudia.

Watu wa Wimani walikuwa na maneno ya namna mbili. Nyumbani, mlango ukishafungwa, waliketi sakafuni, wakanyoosha miguu na kuwasema Waketi mpaka chakula kikapoa. Mgeni akibisha, walisimama, wakajipangusa vumbi na kumwambia kwamba hapajapata kuonekana nchi yenye adabu kama yao. Waketi nao walikuwa na maneno ya namna mbili, ila yao yalikwenda kinyume. Mbele ya raia walisema kusimama ni mila, ni urithi wa mababu, na mwenye kuuchukia ameichukia damu yake. Mbele ya wageni waliinamisha vichwa kwa haya ya kujitia na kusema, "Tumejaribu kuwaelimisha, lakini watu wetu ni wagumu."

Mtu mmoja tu alisifika kwa kuwa na maneno ya namna moja, naye alikuwa mkunga, Bi Nyange. Alikuwa mjane, na mwanawe wa pekee alikuwa machimboni, kwenye shaba, akirudi nyumbani msimu hadi msimu. Bi Nyange aliishi na mke wa mwanawe, Mkiwa, msichana mtaratibu aliyejua kushona, na waliishi kwa mapenzi ambayo majirani waliyaonea wivu.

Mwaka Mkiwa alipokuwa na mimba yake ya kwanza, Tandazi aliadhimisha siku aliyoanza kukalia kigoda cha ukubwa, na raia wote waliamriwa wafike uwanjani. Walisimama tangu asubuhi. Hotuba zilikuwa nyingi, kila Mketi na yake, na jua la Wimani halina huruma kwa kuwa upepo humfanya mtu asijue anaungua. Jioni Mkiwa alianguka. Alipojifungua, mtoto hakulia. Bi Nyange, aliyewapokea watoto wa nusu ya mji ule, alimpokea na huyu, akamfunga kwenye kanga, akakaa naye mapajani.

Kulipokucha alikwenda sokoni. Aliwaambia watu kwamba vile vigoda havikuwa vya Waketi hata kidogo. Vilikuwa vigoda vya kuzalia, vilivyochongwa kwa ajili ya wanawake wenye uchungu, na bibi zao walivibeba nyumba kwa nyumba. "Tulikuwa tunasimama sisi, anakaa anayezaa," alisema. "Hawa wamezaa nini?" Watu walitazama chini. Jioni kila nyumba ilimsifu, na kabla ya wiki kwisha alikuwa amefungwa. Alikaa gerezani msimu mzima wa mvua, na alipotoka alisema yale yale, kwa sauti ile ile.

Ndipo walipokuja Watorvani. Watorvani walitoka nchi ya mbali, tajiri, yenye makochi hata vituoni, na walitaka kujenga reli ya kushusha shaba ya Wimani. Kabla ya kutia saini walimtuma mwanamke mmoja msomi, Bi Solveta, aitazame nchi na watu wake, maana kwao ilikuwa aibu kufanya biashara na nchi ambayo haijaandikwa. Tandazi alimpa mkalimani, kijana wa ukoo wa Waketi aliyesomea Torvani, jina lake Shabiri.

Shabiri alikuwa mcheshi. Akitembea na mgeni wake mjini, aliwaonyesha watu kwa kidevu. "Ukimpa huyu kiti, atakiogopa," alisema kwa Kitorvani. "Hawa wangelala wima kama punda wangeweza." Bi Solveta alicheka mwanzoni, baadaye aliacha kucheka, akaanza kuwahurumia, na huruma yake ilionekana usoni kama harufu mbaya inavyoonekana usoni mwa mtu anayejizuia kuziba pua. Alikuwa amesikia habari za mkunga aliyefungwa. Akaomba kuzungumza naye.

Tandazi alisita, lakini reli ilikuwa reli. Bi Nyange aliletwa ukumbini. Tandazi alikuwa kwenye kigoda chake, mgeni kwenye kiti alichokuja nacho, Shabiri katikati yao. Mkiwa aliruhusiwa kumsindikiza mama mkwe wake. Alisimama mlangoni na askari.

"Muulize," alisema Bi Solveta, "kama ni kweli amepoteza mjukuu kwa sababu ya mila hii."

Shabiri akatafsiri. Bi Nyange akaitika kwa kichwa.

"Mwambie namsikitikia. Kwetu hata ng'ombe huachwa alale. Nataka kuelewa ni mama wa namna gani anayemfundisha mwanawe kusimama mbele ya mtu mpaka aanguke. Ni woga, au hawajui kwamba kuna njia nyingine ya kuishi?"

Shabiri alitafsiri yote, hata ng'ombe, na alipofika kwenye ng'ombe alitabasamu na kumwangalia mgeni, kama watu wawili waliotoka chuo kimoja.

Bi Nyange alikuwa amekuja na maneno yake ya siku zote, ameyapanga tangu nyumbani. Lakini alipoutazama uso ule wenye huruma, na tabasamu lile, kitu kikageuka ndani yake. Alimkumbuka mama yake, aliyesimama maisha yake yote na kufa akiwa amenyooka kama mwanzi. Na akaona kwamba kwa dakika ile mama yake alikuwa ng'ombe.

"Mwambie," alisema polepole, "kwetu mwenye nguvu husimama ili aliyechoka akae. Kukaa si ukubwa. Sisi tunasimama kwa kuwa tuna nguvu. Hakuna aliyetulazimisha. Na mama zetu hawakuwa waoga."

Shabiri alisahau kutafsiri mpaka Bi Solveta alipomgusa mkono. Aliposikia maneno yale, mgeni alikunja uso kidogo, kisha akakunjua, akayaandika, na akasema ni maneno mazuri ajabu, kwamba alikuwa amekosea kuharakisha kuhukumu.

Tandazi alifurahi mno. Mtu aliyemfunga yeye mwenyewe ameitetea nchi. Kwa amri yake maneno ya Bi Nyange yalichongwa juu ya lango kuu, yakasomwa na wapiga mbiu kila kona: Mwenye nguvu husimama ili aliyechoka akae. Reli ikatiwa saini. Bi Nyange akapelekewa nyumbani kitambaa cha heshima, ambacho hakukifungua.

Mjini hakuna aliyemtukana. Walimsalimu, wakapita. Wanawake waliokuwa wakimwita usiku na mchana walianza kumwita mkunga wa mtaa wa pili. Mkiwa aliendelea kupika, kufua na kumpelekea maji ya kuoga, lakini alikuwa hasemi. Siku moja, akipepeta ulezi uani, alisema bila kuinua kichwa.

"Mama, mwanangu alikufa kwa sababu nina nguvu?"

"Hapana, mwanangu."

"Ndivyo ulivyomwambia yule mama."

Bi Nyange aliketi kizingitini. "Ulimwona alivyotutazama," alisema. "Yale ya kwetu nakwambia wewe kwa kuwa ni yako. Mimi mgonjwa wangu simfunui mbele ya mpita njia."

"Sawa. Usimfunue." Mkiwa aliweka ungo chini. "Lakini Tandazi alikuwepo pale, naye si mpita njia. Ulipotufunika sisi, ukamfunika na yeye kwenye shuka lile lile. Sasa amelala vizuri."

Alitaka kusema kwamba kila neno alilosema lilikuwa la kweli zamani, na kwamba ndiyo maana lilimtoka kwa urahisi. Alitaka kusema kwamba hangeweza kumpa mwanamke yule hata chembe ya sababu ya kutudharau, hata kama sababu hiyo ilikuwa ya kweli. Yote yalikuwa kweli, na yote hayakumfaa binti aliyekuwa mbele yake. Aliinuka, akachukua ungo, akamalizia kupepeta.

Reli ilipofika, Watorvani wengi walipanda nayo, na Bi Solveta mbele yao, kuja kuifungua. Raia waliitwa uwanjani. Waketi wote waliketi kwa safu, wenye mabega mapana mbele, na Tandazi katikati. Wageni walipewa viti kando, na watu wakasimama, wanaume kwa wanawake, uwanja mzima mpaka kwenye kuta. Tandazi alikusudia kuhutubia kuhusu nguvu za taifa lake.

Kabla hajaanza, Bi Nyange alitoka katikati ya watu. Alivaa vizuri, kama mtu anayekwenda kumjulia hali mkwe, na mkononi alikuwa na kibuyu cha mafuta ya kuchulia na kitambaa kilichochovywa maji ya moto. Askari walimtazama Tandazi. Tandazi aliwatazama wageni. Wageni walimtambua mwanamke wa maneno ya langoni, wakaanza kupiga makofi. Hakuna aliyemzuia.

Alisimama mbele ya kigoda, akainamisha kichwa kwa adabu yote ya Wimani.

"Shikamoo, Mketi."

"Marahaba," alisema Tandazi, naye akatabasamu kwa ajili ya wageni.

"Tumesoma mbiu yako. Aliyeketi ni aliyechoka. Tumekuacha siku nyingi bila kukujulia hali, utuwie radhi. Unaumwa wapi?"

Tandazi aliivuta miguu yake nyuma, chini ya kigoda.

"Ni magoti?" Sauti ya Bi Nyange ilikuwa ile aliyoitumia vyumbani, kwa wanawake wenye uchungu, sauti isiyo na dhihaka hata tone, na wale waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba mpaka leo hawajui kama alikuwa anamcheka au alikuwa anamwonea huruma kwa dhati. Alipiga magoti, akajimwagia mafuta viganjani, akaanza kumkanda. "Pole, Mketi. Pole sana."

Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Pole, Mketi." Kisha mwingine. Kisha neno hilo likaenea uwanjani taratibu, bila kelele, kama linavyosemwa msibani, likawafikia na Waketi wa pembeni, kila mmoja kwa jina lake: pole bwana fulani, pole mzee fulani, Mungu akupe nafuu. Mketi mmoja kijana aliruka kutoka kwenye kigoda chake kana kwamba kimemchoma, akasema yeye haumwi. Wa pili yake akainuka. Wakainuka wote, mmoja baada ya mwingine, na mwishowe Tandazi naye, mafuta yakimtiririka hadi kwenye viatu.

Bi Solveta alimwinamia Shabiri. "Wanasema nini? Ni ibada?"

Shabiri alitazama watu, akatazama ukoo wake uliosimama. Alitafuta kichekesho, hakukipata katika lugha yoyote kati ya mbili alizokuwa nazo. "Ni mambo ya kwetu," alisema.

Hotuba haikusomwa. Jua lilipanda. Vigoda vilikaa vitupu, viking'aa kwa mafuta, na hapakuwa na mtu, raia wala Mketi, aliyetaka kuwa wa kwanza kukiri kwamba amechoka. Raia walikuwa wamezoea. Waketi hawakuwa wamezoea. Kabla ya adhuhuri walikuwa wameanza kuegemeana, kupokezana uzito kutoka mguu huu hadi ule, kujifanya wanatazama mawingu. Miguu ya Tandazi ilianza kutetemeka, kwanza kidogo, kisha kiasi cha kuonekana hata na wale waliokuwa ukutani.

Mkiwa alipenya katikati ya watu mpaka mbele, akasimama bega kwa bega na mama mkwe wake. Hawakutazamana. Bi Nyange aliufuta mkono wake kwenye kitambaa, akaunyoosha kuelekea kwenye kiwiko cha Tandazi, bila kukigusa.

"Nikusaidie ukae, Mketi?" aliuliza.

Uwanja mzima ulisogea mbele kusikiliza atajibu nini.