Uzi Ndani ya Mwale

Kamanda, msimamizi wa zamu kwenye maabara ya chembe za atomu, hakuwa na shaka: shemeji yake alikuwa anamchimbia kaburi.

Maelezo mengine yangekuwa yapi? Mwale wa protoni uliingia kwenye bomba la duara ukiwa safi, kila protoni ikizunguka kama pia ya mtoto, karibu zote zimesimama wima. Ukishapandishwa nguvu, nusu zimelala chali. Na sumaku za kuzishikilia zisianguke njiani zilikuwa mikononi mwa nani? Shemeji, aliyemwoa dada yake. Tena mkurugenzi alishasema: zikianguka na leo, kiti cha Kamanda anapewa shemeji.

“Shemeji, mbona unanitazama kama polisi?”

“Fanya kazi yako.”

“Naifanya. Wewe je?”

Kamanda akateremsha uzi wa kaboni, mwembamba kuliko unywele, ukakatiza mwale. Protoni zikaugonga, zikarukia kushoto na kulia. Kwa kulinganisha pande hizo, kompyuta ikaonyesha ngapi zimesimama. Nzima. Akaushusha tena. Nzima. Mharibifu hajaanza. Akaushusha tena, jicho kwa shemeji.

“Wee, acha!” Shemeji aliinuka. “Kila siku unaupima hivi kabla hatujaupandisha?”

“Tangu nianze kukushuku.”

“Lini?”

“Wiki iliyopita, umeme ulipotikisika, protoni zikaanguka.”

“Zile ziliangushwa na umeme. Za baadaye je? Hebu tazama unene wa mwale.”

Akatazama. Kila uzi ulipopita, protoni zilitawanyika kidogo, mwale ukavimba. Na zile za pembezoni ndizo zinazotikiswa vibaya wakati wa kupanda nguvu, hadi zikaanguka. 

“Au ndio ujanja wako,” alisema. “Niache kupima, ufanye utakalo.”

“Mwaga mwale huu, tuanze upya. Uzi usiuguse mpaka mwale ufike juu. Kama huniamini, njoo unishike mikono.”

Kamanda akaumwaga. Mwale mpya ulipoingia, alikalia viganja vyake mwenyewe, macho yakiwa kwenye vidole vya shemeji. Mwale ukapanda. Ulipofika juu akaushusha uzi mara moja tu.

Zimesimama. Karibu zote.

Simu ikalia. Mkurugenzi. “Umeshamjua anayetuharibia?”

Shemeji alikuwa amempa mgongo, anajifanya anasoma skrini. Ingetosha kusema ni umeme.

“Nimemjua,” Kamanda alisema. “Ni mimi. Aliyenikamata huyu hapa, ongea naye.”

Akamnyooshea simu.