Salamu Ndani ya Kioo

Saa mbili asubuhi, Juni 1977, Ezekia alijifunga kitambaa mdomoni, akawasha tanuru la karakana ya nyuzi za kioo pale Iyunga, akaanza kuyeyusha kioo kilekile kwa mara ya tatu. Kilikuwa kioo cha chumvi, si cha mchanga, cha kupitishia ule mwanga usioonekana ambao mkono huuhisi kama joto. Adui yake ni maji. Pumzi moja ikiingia, joto linaishia njiani. Bwana Saulo, mkuu wa karakana, alishasema: kikikataa tena, Ezekia arudi kwao akapalilie migomba.

Myeyusho wa kwanza ulitoa moshi. Wa pili ulitoa jasho. Wa tatu ulitoa salamu, maana salamu hung'ang'ania kioo kuliko uchafu wote. Ikatoka ya mlinzi, ikatoka ya muuza maziwa, na Ezekia, maskini, hakuzijibu, asije akapumulia kioo, ingawa kwa Mnyakyusa kuiacha salamu ikining'inia hewani ni kazi nzito kuliko kubeba zege.

Kisha ikatoka ya mama yake, Tupokigwe, aliyezikwa Machi.

"Ugonile, Ezekia?"

Bwana Saulo akatikisa kichwa: usijibu.

"Nilikuja getini siku tatu," mama aliendelea, bila kinyongo. "Nikakusalimia kwa mbali kupitia dirisha la karakana. Wakasema hutaki kusumbuliwa."

Ezekia hakuwa na habari. Alimpenda mama yule kupita kiasi, na msibani hakuna aliyemwambia.

"Niliagiza mimi, mama," alisema Bwana Saulo kwa adabu. "Ilikuwa wiki ya vipimo. Wageni wana unyevu."

"Haya, baba. Pole na kazi."

Ezekia akavua kitambaa. "Ndaga, mama. Nimeamka salama. Wewe je?"

Wakasalimiana sawasawa: watoto, ng'ombe, mgongo uliokuwa ukimsumbua, mvua za Rungwe. Ikafika saa sita. Ezekia alicheka mpaka machozi yakamtoka, nayo yakaingia kwenye kioo. Kilipopoa kilikuwa cheupe kama maziwa, na Bwana Saulo alipokipima, hakuna joto lililopita.

Akaandika kwenye ripoti: unyevu. Ezekia akakunja aproni yake, akaondoka na kipande cha kioo mfukoni, bado kina uvuguvugu. Pale getini mlinzi alikuwa akimweleza mama mmoja aliyefika na mkungu wa ndizi kutoka Tukuyu, mzazi wa Jailos, kijana wa stoo, kwamba mwanawe hataki kusumbuliwa.