Pembe ya Maksai Reli

Mzee Wenceslaus wa Ntalikwa aliacha kunywa chochote mbele ya watu, hata maji. Mikono yake ilianza kutetemeka mwaka juzi, kidogo kidogo, kisha ikazidi, na dawa za hospitali ziliituliza kwa muda tu. Kikombe kikifika kifuani, nusu iko kwenye shati. Binti yake Imakulata, aliyerudi kuishi naye baada ya kufiwa na mumewe, alimnunulia sokoni kikombe cha plastiki chenye mfuniko na mrija, kimechorwa sungura. Mzee alikitazama kikombe, akamtazama binti yake, akatoka nje. Siku hizi kikombe kile kinawekwa chumvi.

Hayo yangevumilika, lakini Levina, binti wa Imakulata, alikuwa amepata mchumba, na wakwe walikuwa wanakuja kutoka Usinge kuleta posa. Katika nyumba ile mgeni hagusi kinywaji mpaka mwenye nyumba akionje kwanza mbele ya macho yake. Ndipo mazungumzo huanza. Mzee alikuwa amekwisha kuamua.

"Vedasto atakaa kwenye kiti changu," alisema. Vedasto ni mdogo wake. "Mimi nitalala ndani. Waambieni naumwa."

"Baba, mjukuu wako anaposwa, wewe ulale ndani?"

"Unataka nijimwagie togwa mbele ya wakwe?"

Vedasto alikuwa mtu mwema, sikatai, ila angeweza kumwoza mtoto wa watu huku akieleza bei ya mbolea. Lakini kilichomuuma Imakulata hakikuwa Vedasto. Ni kwamba baba yake alikuwa anahama kwenye nyumba yake mwenyewe akiwa bado hai.

Wazo la pembe lilimjia bandani. Reli, maksai wa mkono wa kulia katika jozi ya mzee, alichinjwa baada ya kuvunjika mguu. Walimwita Reli kwa sababu alipolima hakupinda. Kichwa chake kilikuwa bado juu ya banda na pembe zake zote mbili. Enzi za nguvu zake mzee alinywea pembe, mpaka ikapasuka. Pembe haina sikio la kushikia wala kitako cha kuisimamisha. Unaikumbatia kwa viganja viwili, na mikono inayotetemeka ikikumbatia kitu hupata pa kujishikiza.

Hakuwahi kutengeneza pembe. Alimwona tu baba yake akitengeneza, wakati yeye kazi yake ilikuwa kufukuza nzi. Alikata pembe moja kichwani mwa Reli, akailoweka kwenye ndoo nyuma ya choo mpaka mfupa wa ndani ukalegea, na Levina akaapa kwamba harufu ile itamrudisha mchumba njiani. Akaigonga kwenye gogo, mfupa ukachomoka. Akaichemsha, akaikwangua ndani kwa kisu chembamba, nje kwa kipande cha chupa, kisha tupa, kisha msasa, kisha majivu na mafuta ya karanga. Pembe iliyokuwa na rangi ya tope ikaanza kutoa michirizi ya rangi ya asali. Imakulata alijikuta anaipenda.

Mzee alipita pale mara kwa mara akijifanya anatafuta fimbo yake, na fimbo iko mkononi.

"Unakwangua upande mmoja," alisema siku moja, akaenda zake.

Ikabaki ncha. Ilikuwa imechanika, maana Reli alizoea kuisugua kwenye mti, na Imakulata akaona aikate. Kabla ya kukata, unaingiza bua jembamba la mtama ndani ya pembe mpaka likome. Hapo unajua uwazi umeishia wapi na pembe ngumu inaanzia wapi. Bua lilikoma. Akaweka alama, akakata kwa msumeno, akatia maji. Maji yakaanza kudondoka nchani.

Imakulata aliketi chini akalia, mtu mzima na miaka yake. Mzee akatoka ndani.

"Ulipima kwa bua?"

"Ndiyo, Baba."

"Hukulizungusha. Likizunguka, limefika mwisho. Likigoma, limekwama kwenye mfupa uliobaki." Akaketi kando yake. "Mimi niliharibu pembe ngapi! Ziba kwa nta, uache ikauke vizuri."

Nta ilishika. Maji yalishinda ndani ya pembe kutwa nzima bila kudondoka hata tone. Majirani waliigeuza na kuisifu, na Imakulata, niseme kweli, alivimba kichwa. Mzee aliingia nayo chumbani ikiwa na maji, akafunga mlango. Alipotoka, shati lake lilikuwa kavu.

"Nitakaa," alisema.

Siku ya posa ikafika. Msemaji wa wageni alikuwa Festo, mjomba wa mchumba, Mmoravian asiyegusa pombe, kwa hiyo ilikuwa togwa. Shikamoo na marahaba zilipokwisha, Imakulata aliijaza pembe, akapiga goti mbele ya baba yake. Wote wakatazama.

Hapo ndipo alipoiona mikono. Ilikuwa bado magotini, na tayari ilikuwa inarukaruka kuliko siku zote. Chumbani hakukuwa na macho ya watu. Mzee alimtazama binti yake, na katika uso ule Imakulata aliona mtu anayetaka kukimbia. Vedasto akaanza kuinuka kwenye kiti chake.

Imakulata alipeleka ukucha kwenye ncha ya pembe, akaing'oa nta. Togwa ikamtiririka mkononi mpaka mkekani.

"Samahani, Baba," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Pembe yangu inavuja. Nilikata vibaya. Naomba niizibe kwa kidole wakati unakunywa."

Aibu ilimchoma. Jirani mmoja aliyekuwa ameisifu sana alikohoa. Mzee aliitazama ile ncha, kisha akautazama ukucha wa binti yake, wenye nta chini yake.

"Fundi gani wewe!" alisema, na wageni wakacheka.

Akaikumbatia pembe kwa viganja viwili, na binti akaishika kwa chini, kidole tunduni. Mtetemeko uliteremka ukaingia kwenye mikono ya Imakulata, naye akaupokea. Mzee alikunywa mpaka chini, shati kavu, kisha akaagiza ijazwe tena apewe mgeni. Festo alimwomba Vedasto amzibie tundu, na Vedasto akawa na kazi hata akasahau kusema. Pembe ikazunguka hivyo hivyo. Hakuna aliyekunywa peke yake.

Asubuhi yake Imakulata alikuwa jikoni, anayeyusha nta kwenye kopo. Mzee akaingia, akalitazama kopo.

"Unafanya nini?"

"Naziba tundu, Baba."

"Nani kakutuma?" Akavuta kigoda, akaketi. "Nina kiu. Tia maji, na ulete kidole chako."