Mchuzi Uliomwagwa Alfajiri

Mfuniko uligonga ukingo wa sufuria mara moja tu, kling, kisha ukanyamazishwa kama mtoto aliyezibwa mdomo. Jogoo alikuwa hajawika bado. Bi Mwiko alifumbua macho gizani, akasikiliza. Mtu aliyepikia bweni zima la wanafunzi mpaka akazeeka hahitaji taa kujua ni mfuniko gani umegonga sufuria gani. Huo ulikuwa wa sufuria ya maharage, ile iliyovunjika mkono mmoja. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiacha jikoni jana jioni, maharage yameiva na kuungwa, yakisubiri chakula cha leo.

"Panya," alijiambia. Lakini panya gani anayefungua bomba la maji?

Akateremka kitandani taratibu, akajifunga shuka, akanyata peku hadi mlango wa jikoni. Ulikuwa wazi kidogo. Akachungulia, na papo hapo akashika ukuta.

Mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, alikuwa ameinamisha sufuria juu ya sinki. Mchuzi ulikuwa unakwenda na maji! Mchuzi ule mzito aliousimamia jana tangu alasiri, mpaka vitunguu vikayeyuka visionekane! Mkwe aliuzuia kwa mfuniko ili punje zisitoke, akaumwaga wote, akamimina maji ya moto kutoka kwenye birika, akatumbukiza viazi vilivyomenywa, akawasha jiko. Mvuke ukamuunguza kidole. Akakitia mdomoni bila kutoa hata sauti, kama mtu aliyekwisha kuzoea kuungua.

Bi Mwiko alirudi chumbani, akaketi kitandani. Mdomo wake ulikuwa wazi na hakukumbuka kuufunga.

Angekuwa amepigwa kofi, angejua la kufanya. Hili hakulijulia. Chakula chake kilikuwa kikimwagwa kama maji ya kuoshea miguu, tena na mwanamke ambaye kila mchana hukaa naye meza moja na kusema, "Ahsante Mama, kitamu."

Maisha yake yote Bi Mwiko alikuwa akisoma watu kwenye sahani zao. Kule bwenini alisimama kwenye dirisha la kugawia chakula, mwiko mkononi, na kabla mwaka haujaisha alikuwa anajua nani mchoyo, nani mnyonge, nani atakuja kuwa mtu. Anayenyunyiza chumvi kabla hajaonja, huyo hasikilizi la mtu. Anayechagua nyama kwa kidole, usimwachie ufunguo. Anayefuta sahani kwa mkate mpaka inang'aa, huyo ana shukrani, na ukimwozesha binti yako utalala usingizi. Hakukumbuka kuwahi kukosea.

Na katika nyumba hii, tangu alipopona yale mafua makali yaliyomlaza kitandani, alikuwa amesoma mambo ambayo hakuyapenda. Mkwe alijipakulia kidogo, akidonoa kama kuku mgonjwa, mkate mwingi, mchuzi wa kupaka tu. Maringo. Mwanawe, fundi bomba mwenye kazi za kutoa jasho, alimeza haraka haraka na kushushia maji, glasi juu ya glasi. Hana raha na mama yake. Na jirani yao, fundi viatu, mjane mpole aliyekuwa akija kula nao kila Jumapili, alikata mguu ghafla. Eti daktari kamkataza vyakula fulani.

"Daktari!" Bi Mwiko alisema siku ile. "Akipata wateja wawili watatu tu, anajiona tajiri, maharage yanamshinda."

Toka hapo, fundi akimsalimu, yeye huitika huku anatazama upande wa pili wa barabara.

Sasa leo mchuzi umemwagwa mbele ya macho yake. Kulipokucha, begi lilikuwa limeshatolewa chini ya kitanda na nguo zimo ndani. Kwa bahati njema leo ndiyo siku ambayo Kijiko angekuja kula. Kijiko alikuwa mwenzake wa jikoni tangu ujana, na jina hilo alipewa kwa sababu kazi yake ilikuwa kuonja. Alikuwa na vyumba viwili upande wa pili wa mji, na kila mara alisema kimoja kinamlilia mtu. Bi Mwiko akapanga mambo yake. Atapika sufuria mpya ya nyama kwa mkono wake, ataikalia kama askari, Kijiko atakula chakula halisi, na wakishakula atasema mbele ya wote: mimi nahama. Mwanawe aone amechagua nani.

Asubuhi mkwe aliacha cherehani yake, akaja jikoni.

"Shikamoo Mama. Mbona unapika tena? Maharage yapo."

"Marahaba. Hayo kuleni nyinyi. Leo nina mgeni."

Mkwe alitazama sufuria, akatazama kopo la chumvi, akameza mate. "Basi nikusaidie, Mama. Wewe ukapumzike kidogo."

"Nimechoka wapi?"

Akaenda. Cherehani ikalia kidogo, ikanyamaza. Akarudi.

"Mama, nadhani kuna mtu anabisha hodi mlango wa mbele."

"Kafungue basi. Miguu unayo."

Akarudi tena, safari hii na uzi mkononi. "Mama, naomba unitungie sindano hii, macho yananisumbua."

Bi Mwiko akamtazama. Mshonaji mzima, anayeshona sare za shule nzima, anatungiwa sindano na kikongwe! Akavuta kiti, akakisogeza karibu kabisa na jiko, akakaa, mwiko mapajani. "Lete hapa hapa," alisema. Akatunga uzi bila kuangalia, akamrudishia sindano. Na mkono wake mwingine, kwa mazoea, ukachota chumvi, ukatia. Nyama ilionekana kama haijakolea. Akaonja. Akatia tena. Chumvi ya siku hizi haina nguvu. Wanaichanganya na nini, hata haijulikani.

Mkwe alikuwa bado amesimama mlangoni. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetazama chombo kikiteleza mezani na mkono haufiki.

Saa ya kula, Kijiko aliingia na kelele zake, akamkumbatia kila aliyemwona, hata fundi bomba aliyekuwa ametoka kazini na suruali imelowa mpaka magotini.

"Wewe nawe, unatengeneza bomba au unaogelea?"

"Vyote viwili, Mama mdogo," fundi bomba alicheka.

"Hebu nipeni chakula. Nimekuja na njaa ya jana. Mwenzangu, nikinusa tu najua mwiko ni wa nani."

Wakaketi. Bi Mwiko alimpakulia mgeni kwanza, wali, nyama na mchuzi juu. Akaketi mbele yake, mikono kifuani. Maneno yake ya kuhama yalikuwa tayari mdomoni.

Kijiko alijaza kijiko akatia kinywani.

Akaacha kutafuna. Macho yake yalifunguka, yakajaa machozi. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akachukua leso, na Kijiko, aliyewahi kula mpaka ukoko ulioungua bwenini ili usitupwe, akatema.

"Jamani!" alikohoa. "Maji! Mwenzangu, umepika au umekausha samaki wa safari?"

Hakuna aliyecheka.

Damu ilimpanda Bi Mwiko kichwani. Akamgeukia mkwe. "Umetia nini? Umeingia saa ngapi? Niliikalia sufuria hii tangu asubuhi, umeingia saa ngapi?"

Mkwe alikuwa amejaza sahani yake mwenyewe kuliko siku zote, na alikuwa anakula. Kijiko kamili, halafu kingine, haraka, bila mkate, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.

"Kitamu, Mama," alisema. "Kitamu kabisa."

"Acha!" fundi bomba alimshika mkono. "Acha, mke wangu. Utaumwa. Inatosha sasa."

Bi Mwiko aliwatazama wote wawili. Akachota mchuzi, akaonja. Ulikuwa wa moto na mzito. Zaidi ya hapo? Akatafuta ulimini kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Hakukuwa na kitu. Akavuta kopo la chumvi, akachota kwa vidole, akaweka juu ya ulimi wake na kufunga mdomo.

Mchanga. Ilikuwa kama kulamba mchanga.

Akachota tena, nyingi zaidi. Mchanga mtupu. Kopo likamponyoka, likabingirika mezani, chumvi ikatapakaa, na hakuna aliyeiokota.

"Haipo," alisema. Sauti yake mwenyewe ilimtisha. "Ladha haipo. Tangu lini?"

"Tangu yale mafua, Mama," mwanawe alisema polepole.

"Na nyinyi mmekuwa mkila."

"Tumekula."

"Kila siku?"

"Kila siku, Mama. Mke wangu huamka kabla hujaamka, anamwaga ule mchuzi, anatia maji na viazi vinyonye chumvi, kisha anavitoa. Siku nyingine inatoka, siku nyingine haitoki vizuri." Akajaribu kutabasamu. "Ndiyo maana mimi na maji tumekuwa ndugu, kazini na nyumbani. Na jirani, kweli daktari alimkataza chumvi."

Kila sahani aliyoisoma katika nyumba hii ilikuwa inamgeukia na kumtazama. Yale maringo ya mkwe, zile glasi za maji, vilikuwa chumvi yake mwenyewe. Na fundi viatu, mtu wa watu, ambaye daktari alimwambia kweli ajihadhari na chumvi, akaona aseme daktari kuliko kusema chakula chako hakiliki! Yeye akamgeuzia kisogo barabarani. Na kile kidole kilichoungua alfajiri! Alikuwa amekaa na watu waungwana meza moja, akawahesabu kuwa maadui.

"Kwa nini hamkuniambia?"

Mkwe ndiye aliyejibu, akijifuta uso kwa kiganja.

"Nilishindwa, Mama. Ulipoumwa ulikuwa hutoki hata kitandani. Siku uliyoingia jikoni tena uliimba. Nikasema, nikimwambia huyu, atauweka mwiko chini na hatauokota tena. Nikaona bora nimwage mchuzi."

"Nilikuona," Bi Mwiko alisema. "Leo alfajiri. Nimefunga begi langu."

Mwanawe akageuka kutazama mlango wa chumba cha mama yake, ambako pembe ya begi ilionekana. Jikoni bomba lilikuwa likidondosha tone, bomba la nyumbani kwa fundi bomba.

Kijiko ndiye aliyewaokoa. Alikuwa amemaliza jagi zima la maji.

"Nina swali," alisema. "Hii sufuria, nani kaonja?"

"Mimi," Bi Mwiko alisema.

"Wewe na nani?"

Bi Mwiko alitazama kopo la chumvi lililolala mezani.

"Ehe! Sema basi. Jikoni kwetu sufuria ilikuwa inatoka ikiwa imepita midomo mingapi?"

"Miwili," Bi Mwiko alisema kwa sauti ndogo. "Wa aliyepika, na wa mtu mwingine."

"Na nani aliweka sheria hiyo? Si wewe? Si ulimfukuza jikoni yule kijana aliyejionjea peke yake? 'Mpishi akijionjea peke yake anapikia ulimi wake, hapikii watu.' Nilikusikia kwa masikio haya. Halafu umehamia kwa mwanao ukajifanya mdomo mmoja, na mdomo wenyewe mbovu!"

"Kijiko, nyamaza."

"Sinyamazi. Nimekula chumvi, nina haki ya kusema. Na chumba changu leo sikupi. Mtu wa kuamka alfajiri akaungua vidole kwa ajili yako, unamwacha uje kwangu? Mimi nalala mpaka saa tatu."

Hapo mkwe akacheka, kicheko cha mtu anayelia, na fundi bomba naye akacheka. Bi Mwiko hakucheka. Alizunguka meza, akaushika mkono wa mkwe. Akaugeuza. Kidole cha shahada kilikuwa na lengelenge, na kando yake makovu mengine, ya zamani kidogo. Mkono aliouona kila siku ukipokea sahani, hakuwahi kuutazama.

"Mwanangu," alisema. "Nisamehe."

"Hakuna la kusamehe, Mama."

"Lipo. Na usinimwagie mchuzi tena. Nitapika mimi, utaonja wewe. Ukisema haijatosha, naongeza. Ukisema imezidi, unanifokea."

"Nitakufokeaje wewe, Mama?"

"Nitakufundisha," Kijiko alidakia. "Ni rahisi, tena tamu."

Siku iliyofuata begi lilirudi chini ya kitanda, na Bi Mwiko alipika maharage mkwe akiwa amesimama ubavuni, kijiko mkononi. Aliponyoosha mkono kwenye kopo kwa mazoea, alisikia, "Mama, basi!" Aliduwaa. Kilikuwa kipimo kidogo mno, cha kumpikia ndege. Lakini aliurudisha mkono.

Kabla hawajakaa kula, alipakua bakuli moja la maharage yaliyopikwa kando bila chumvi kabisa, akalifunika kwa sahani, akavuka uzio. Fundi viatu alikuwa kibarazani kwake, kiatu cha mtu kimebanwa katikati ya magoti. Alipomwona aliinuka nusu, asijue kama ni salamu au ni shari.

"Fundi," Bi Mwiko alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi alimtazama usoni. "Hili halina chumvi. Siyo mimi ninayesema. Limeonjwa na mwenye ulimi."

Fundi viatu alipokea bakuli kwa mikono miwili. Akafunua, akanusa, akamtazama.

"Umejua," alisema.

"Nimejua jana. Ulinistiri, na mimi nikakununia." Akashika nguzo ya kibaraza. "Jumapili tunakula mchana kama zamani. Kiti chako hakuna aliyekikalia. Njoo tena, fundi. Tafadhali, uje tena."