Siagi ya Mjomba Yaitwa Mbele ya Kamati

Mjomba wangu ni mtu mnyenyekevu, na unyenyekevu wake ameuandika kwa rangi nyekundu kwenye kibao juu ya mlango wa duka lake: KEKI ZA SIAGI HALISI TUPU. Maneno hayohayo yamechapwa kwenye kila boksi la keki, ubavuni, juu ya kifuniko, na chini pia, kwa faida ya mteja atakayelipindua.

Siagi hiyo halisi tupu hutoka ng'ambo ikiwa ndani ya ndoo nyeupe. Kwenye ndoo mna mafuta ya maziwa, na kwenye mafuta ya maziwa mna sukari, karibu theluthi nzima. Mjomba hajawahi kuona sababu ya kuwasumbua wateja kwa habari za sukari. Keki ni tamu. Mwenye akili atakisia.

Watu wa forodha, kwa bahati mbaya, hawakisii. Kitabu chao cha ushuru kinataka kila kitu duniani kiwe na nyumba yake. Punda ana nyumba, kifungo cha shati kina nyumba, meno ya bandia yana nyumba. Siagi na mafuta ya maziwa hukaa nyumba ya ushuru mkali, ili ng'ombe wa nchini wasivunjike moyo. Lakini mafuta hayo yakichanganywa na sukari nyingi kiasi kile, huhamishiwa kule mwisho kabisa wa vyakula, kwenye nyumba ya wasio na kwao, iitwayo "vyakula vilivyotayarishwa, visivyotajwa kwingineko". Ushuru wa huko ni mwepesi, labda kwa kuhurumiwa.

Safari hii ofisa mmoja alifungua ndoo, akanusa, akaandika: siagi. Ndoo zikazuiliwa.

Ushuru wa siagi ungelimeza duka zima. Na duka likifa, mjomba angerudi alikotoka, yaani nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi la baba mkwe wake. Huko alipima misumari miaka ya mwanzo ya ndoa yake, na kila alichopima, mzee alikipima tena mbele ya wateja. Mjomba anaweza kulala njaa bila kunung'unika. Kupimiwa misumari upya hawezi.

Akakata rufaa. Kazi ya kumtetea ilimwangukia mama mdogo, dada yake, ambaye ni wakala wa forodha na hukisoma kitabu cha ushuru kitandani kama sisi bwenini tulivyosoma barua za mapenzi za watu wengine.

"Kaka, leo una kazi moja tu," alimwambia asubuhi ya kikao. "Kukaa."

"Nikae tu?"

"Ukae na ufunge mdomo. Wakikuuliza, sema ni mchanganyiko."

"Mchanganyiko ni saruji na mchanga, mdogo wangu."

"Basi leo wewe ni fundi. Ukitamka siagi, kesho uko kwa mkweo. Na usije na kitu mkononi."

Mjomba akaja na boksi la keki.

Kamati ya rufaa ilikaa kwenye chumba chenye feni moja na jokofu moja. Juu ya jokofu palibandikwa karatasi: VILIVYOMO NI USHAHIDI. USILE. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo ambaye wafanyakazi wote walimwita Mama Kifungu, na inasemekana hata mumewe humwita hivyo. Kulia kwake alikaa mkemia, kushoto karani mwenye muhuri.

Mama mdogo alisimama, akaeleza, akaketi. Mkemia akatoa sampuli kwenye jokofu kwa heshima inayostahili maiti.

"Tumepima," alisema. "Sukari ipo, theluthi kasoro kidogo. Kwa kitabu chetu, hii haiwezi kuitwa siagi."

Basi, mambo yakawa yamekwisha. Karani alishaunyanyua muhuri. Mtu yeyote mwingine angetazama dari na kungoja. Lakini mjomba alijaa shukrani, na shukrani ikimjaa lazima imwagikie watu. Akaliweka boksi katikati ya meza.

"Waheshimiwa, mpate kitu cha kutafuna na chai."

"Hatupokei kitu kwa mwenye shauri," Mama Kifungu alisema, akilisukuma boksi nyuma. Ila yule mama akikutana na maandishi huyasoma, hata yakiwa kwenye kiberiti. Alisoma ubavuni. Akasoma kifuniko. Akalipindua. "Siagi halisi tupu," alisema. "Na chini pia."

Feni iliendelea kuzunguka.

"Mheshimiwa," mama mdogo aliwahi, "kinachoainishwa ni kilichomo ndani ya ndoo, si majivuno ya boksi."

"Kweli kabisa. Ndiyo maana namuuliza mwenye ndoo. Bwana, ama unatudanganya sisi, ama unawadanganya wanaokula. Lipi?"

Mjomba alilitazama boksi, kisha dada yake. Akisema siagi, kibao kinapona na duka linakufa. Akisema mchanganyiko, duka linapona, na yeye je? Alivuta pumzi, kifua kikapanda, na mama mdogo akajua kabisa ni neno gani linalopanda nacho.

"Kaka," alisema polepole. "Misumari."

Kifua kikashuka.

"Ni mchanganyiko," mjomba alisema.

"Karani hajasikia," Mama Kifungu alisema.

"Nimesikia," karani alisema.

"Arudie."

"Mchanganyiko."

Muhuri ukashuka. Mama Kifungu akavua miwani. "Ndoo zako zitatoka leo. Keki zako nimekula miaka yote hii, bwana, nikiwakemea wanangu wasikate vipande vikubwa, eti siagi ni ghali. Jumamosi nitapita kununua. Nitakuwa nasoma kibao."

"Sasa niandike nini?"

"Mimi sina mamlaka ya kutunga maneno. Yako kitabuni."

Kibao kipya kinahitaji misumari, na misumari katika mtaa ule inauzwa mahali pamoja tu. Kwa mara ya kwanza maishani, mjomba alisimama upande wa mteja.

"Unajenga?" baba mkwe aliuliza.

"Natundika kibao, baba."

"Cha zamani kimekukosea nini?"

Mjomba alikigeuza kibao, rangi haijakauka vizuri. Mzee alisogea, akasoma kwa kuvuta, neno kwa neno: KEKI ZA VYAKULA VILIVYOTAYARISHWA, VISIVYOTAJWA KWINGINEKO.

Hakucheka. Alipima misumari. Akaipima tena.

"Ndugu zangu waliponiuliza binti yangu anaolewa na mtu wa namna gani," alisema, akimkabidhi mfuko, "nilikosa jibu mwaka mzima. Kumbe watu wa forodha walikuwa nalo."